Toka Lukasa Mpaka Seva: Nani Anaandika Majina Yetu?



Mu mkutano mkuu uliopita, kisha mama mweka hazina kusoma hesabu, tulitangaza kwamba chama kitanunua kompyuta ndogo na kuweka programu ya kutunza orodha ya wanachama. Mama mmoja alisimama kule nyuma. Ni mwanachama toka mwanzo, alirudi toka Zambia na batoto bane na mufuko moja. Akasema: "Mwanangu, miye sina na shida na ile mashini. Niko na ulizo moja tu. Tangu nizaliwe, jina yangu baliandikaka mara ngapi? Leta iliandika, kompani iliandika, misioni iliandika, kambi iliandika. Kila mara banasema ni juu ya kunisaidia. Sasa na nyiye munataka kuandika tena. Hii ya leo iko na tofauti gani?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini usiku ule ulizo lake lilinikatalia usingizi. Nilisoma chuo kikuu, ni kweli, lakini hakuna mwalimu aliyetuuliza hivyo. Njo maana ninaandika makala hii. Ni historia fupi ya namna majina ya watu wetu yameandikwa huku kwetu, nani aliyashika, na kwa faida ya nani. Mwisho nitaeleza kazi yetu ya kuweka seva mu buro ya Kamina, na makosa yetu pia, juu kila mtu aliyechanga ana haki ya kujua.

Msiba uliotusukuma

Kwanza nikumbushe sababu. Wengi wetu hatujasahau msiba ule wa musimu ya mvua. Mwenzetu alikufa. Alikuwa akilipa mchango wake kila mwezi, na jirani zake wote walijua. Familia ilipokuja kuomba msaada wa matanga, tulifungua daftari. Ukurasa wake ulikuwa umelowa maji, wino umeyeyuka, na namba zimeungana sawa uji. Daftari ya pili, ile ya mweka hazina wa zamani, ilikuwa na jina Ilunga mara saba, bila kitu kingine pembeni. Ilunga yupi? Hakuna aliyeweza kuapa.

Komite ilikaa mpaka usiku. Mwisho tulichanga mkononi, kila mtu kadiri ya uwezo wake, na tukazika. Lakini mjane aliondoka na neno moja ambalo sisi wote tulilisikia: bwana wake alilipia chama miaka, na siku ya haja chama hakikumjua. Haya ilikuwa yetu, si yake.

Chama cha wakumbukaji

Kuna watu wanafikiri kwamba kutunza orodha ya watu na mambo yao ni kitu kilichokuja na wageni. Sisi wa inchi ya Baluba hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Mbele ya daftari yoyote, kulikuwa Mbudye. Mbudye ilikuwa chama, tena chama cha wanaume na wanawake, chenye ngazi zake, na kazi yake ilikuwa kutunza ukumbusho wa ufalme: safari za mababu, mambo ya Nkongolo Mwamba, ya Mbidi Kiluwe na mwanawe Kalala Ilunga, mahali patakatifu, na kanuni za kumbana hata mulopwe mwenyewe.

Chombo chao kilikuwa lukasa: ubao mdogo unaoenea mkononi, umewekwa shanga za rangi na simbi, au umechongwa alama. Mwenye kuusoma aliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kikatembea juu yake. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa chifu na watu wake; mstari wa shanga unaweza kuwa njia waliyopita. Na ubao uleule, mbele ya wasikilizaji wengine na kwa haja nyingine, ulisomwa kwa namna nyingine.

Mimi naona mambo mawili pale. La kwanza: ubao peke yake hausemi. Unahitaji mtu aliyefundishwa, na watu wanaomsikiliza na wanaweza kumpinga. La pili: si kila mtu alisoma kila kitu. Mtu alipanda ngazi, akafundishwa, akaapishwa, ndipo alipofunguliwa sehemu inayofuata. Wataalamu wa kompyuta leo wanaita jambo hilo "haki za kuingia" na wanafikiri ni jipya.

Leo lukasa nyingi ziko mbali na sisi. Moja iko Brooklyn Museum, kule New York. Mwaka 1996, Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walitayarisha mu mji uleule maonyesho makubwa juu ya ukumbusho wa Baluba, na kitabu pamoja nayo. Ni kazi nzuri. Lakini ubao ukiwa ndani ya kioo, na msomaji wake hayuko, umebaki mbao na shanga. Tukumbuke jambo hilo tutakapofika kwenye seva.

Daftari ya leta na ya kompani

Kisha ikaja Bula Matari na daftari yake. Tangu 1910 serikali ya koloni iliweka kodi ya kulipwa kwa pesa, na kodi haiwezekani bila orodha ya majina. Reli nayo ilitaka watu. Njia ya chuma toka Elisabethville ilifika Bukama mu 1918. Ile ya BCK, toka Bukama kupita Kamina mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilimalizika mu 1928, na mfalme Albert wa Ubelgiji alikuja mwenyewe kuifungua. Mu 1956 Kamina iliunganishwa na Kabalo. Kwa hiyo mji wetu ulikua ukiwa njia panda, na mahali pa njia panda watu wanahesabiwa sana. Union Minière iliajiri watu toka Lomami na Kasai kwenda migodini, na kila mmoja alipewa kitabu na namba.

Si hapa tu. Kule Kenya, toka 1920, mwanaume alilazimishwa kubeba kipande ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Jina lake, alama za vidole na maneno ya bwana wake wa kazi vyote vilikuwa mule. Aliyeandika ni mwajiri. Aliyebeba hakuweza kufuta hata neno moja.

Rwanda ilikuwa mbaya zaidi. Mu miaka ya 1930 serikali ya Ubelgiji iliwagawia watu vitambulisho vyenye kuandikwa Hutu, Tutsi ao Twa. Neno hilo lilibaki kwenye kadi miaka sitini, hata kisha uhuru. Mu 1994, pale kwenye vizuizi vya njiani, neno hilo moja lilitosha kumwua mtu. Kadi haikushika panga. Lakini iliwarahisishia kazi waliolishika.

Hata sisi watu wa kawaida tulianza kuandika wenyewe. Mu 1965, pale Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili cha Katanga, kwa niaba ya chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa "boyi". Johannes Fabian aliitoa kitabuni mu 1990. Kwangu ni jambo kubwa: chama cha watu wadogo, waliokuwa majina tu kwenye daftari za mabwana, walichukua karatasi na kusema wao ni nani. Jarida letu ni mtoto wa kazi ile, hata kama mtoto bado mdogo.

Majina yanayobadilika

Kabla sijafika kambini, neno juu ya majina yenyewe. Mu 1972 Mobutu aliamuru kila mtu awe na jina la Kiafrika, na majina ya Kikristo yakaondolewa kwenye karatasi za serikali. Jean akawa jina la Kiluba kwa leta, akabaki Jean kwa mama yake na kwa padri. Miaka ya 1990 watu wakarudisha majina ya ubatizo. Ndiyo sababu leo Mkongomani ana jina, ana jina la pili, ana jina la ubatizo, na anaweza kuwa na karatasi tatu zenye mpangilio wa namna tatu.

Inchi pia ilibadilika. Mzee mmoja wa chama, hajahama Kamina hata mara moja, alizaliwa Congo ya Wabelgiji, mkoa wa Katanga. Akaoa Zaire, mkoa wa Shaba. Akazika mkewe RDC, mkoa wa Katanga tena. Na toka 2015 ni mtu wa mkoa wa Haut-Lomami. Mtu yuleyule, kitanda kilekile. Ukimwuliza mahali alipozaliwa, anakujibu: "Unataka ya myaka gani?"

Kadi ya kambi

Mu 1992 na 1993, siasa iliwasha moto kati ya watu wa Katanga na ndugu zao wenye asili ya Kasai. Makumi ya maelfu ya watu walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala kwenye vituo vya treni wakingoja mabehewa ya kuwapeleka inchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona, na njia ya kwenda kule inapita hapa Kamina. Wanachama wetu wengine walikuwa ndani ya mabehewa yale, watoto wadogo. Wengine walikuwa pembeni ya reli wakiwatazama. Leo tuko chama kimoja, na si kazi rahisi.

Kisha vita vya 1998. Pweto ilianguka mu Desemba 2000, na watu kwa maelfu walivuka kuingia Zambia. Kambi ya Mwange ilifunguliwa mu 1999, na Kala mu 2000. Kule kadi ya chakula ilikuwa uhai. Jina la kichwa cha familia, hesabu ya watu, na tundu linalotobolewa kila siku ya mgao. Mtoto aliyezaliwa na hajaandikwa, hana unga. Aliyekufa na hajafutwa, jirani wananung'unika. Kuanzia 2004 UNHCR ilianza kutumia programu ya kompyuta inayoitwa proGres, na majina yakahama toka karatasi kwenda mashini.

Sitaki kuidharau kazi ile. Orodha ya kambi iliokoa watu. Iliunganisha watoto na wazazi. Lakini nisikilizeni vizuri: mu 2007 safari za kurudi zilipoanza, na mu 2010 kambi za Kala na Mwange zilipofungwa, tulirudi na karatasi ya kurudi kwa hiari, mabati, na vyombo vya jikoni. Orodha yenyewe haikurudi na sisi. Nani ni jirani ya nani, nani ni mjane, nani fundi, nani mkunga: yote yalibaki mu mashini ya wengine. Ndugu zetu waliokimbia ndani ya inchi, mu 2005 na 2006, toka Mitwaba na kando zake, hata kadi ile hawakuwa nayo wote. Tulipoanza chama, tulianza na daftari tupu.

Programu isiyo na bwana

Sasa nifike kwenye programu. Daftari zilipotushinda, tulijaribu kompyuta moja ya kubeba na orodha yenye safu. Sekretere alikuwa na orodha yake, mweka hazina yake, na flashi ilibeba ya tatu pamoja na virusi. Kila mmoja aliapa kwamba yake njo ya kweli. Tulihitaji orodha moja, mahali pamoja, ambayo watu kadhaa wanaiona kila mtu kwa mlango wake. Kitu cha namna hiyo kinaitwa seva: kompyuta ambayo kazi yake ni kungoja, kuulizwa na kujibu.

Historia ya programu tulizotumia ni historia ya likelemba. Mu 1983 Mmarekani Richard Stallman alianza mradi wa GNU, juu alikataa programu zenye kufungwa ambazo mtu hawezi kuzifungua wala kumpatia jirani. Mu 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo na kukigawa kwa watu wote: ndiyo Linux. Mu 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, na mu 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu juu ya msingi wa Debian, akichukua neno la Kibantu ambalo hata sisi tunalisikia: utu. Apache, inayopokea maulizo na kutoa kurasa, ni ya 1995. PHP, lugha ya kuandikia kurasa hizo, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf, ni ya mwaka uleule. MySQL, ghala la habari, pia. Kampuni yenye MySQL ilipouzwa, mwanzilishi wake Michael Widenius aliogopa kazi yake isifungiwe, akachukua nakala na kuanzisha MariaDB mu 2009. My na Maria ni majina ya binti zake.

Kila mmoja ametia kidogo, na wote wanakula. Hakuna anayeweza kutufungia mlango siku tusipolipa. Kwa chama sawa chetu, ambacho mfadhili anaweza kuondoka wakati wowote, jambo hilo lina uzito kuliko uzuri wa rangi za kioo.

Tulilinganisha programu tatu. CiviCRM ina nguvu sana, mashirika makubwa yanaitumia, lakini inataka mashini yenye nguvu na mtu wa kuihudumia. Tendenci ni nzuri pia, imetengenezwa kwa vyama, lakini imeandikwa kwa lugha ya Python ambayo hapa hatukuwa na mtu wa kuijua. Tulichagua Galette. Ni nyepesi, imezaliwa kwa Kifaransa, imetengenezwa kwa ajili ya vyama vidogo: wanachama, michango, zawadi, makundi, kadi za kuchapa. Katibu wetu aliisoma bila mkalimani.

Namna tulivyoiweka

Ninaeleza kwa ufupi, juu vyama viwili vya jirani vimeniuliza. Tulinunua kompyuta ndogo iliyokwisha kutumiwa, paneli ya jua, betri na ondulere. Tuliweka Ubuntu Server kwa flashi. Hatukuiweka kwenye intaneti: inatoa Wi-Fi ya ndani ya buro tu, na anayetaka kuona orodha lazima aje buro. Mara moja kwa mwezi tunaiunganisha na simu, inapokea masahihisho ya usalama, kisha tunaikata.

Juu ya Ubuntu tuliweka Apache, MariaDB na PHP. Tulifungua ghala moja la habari kwa ajili ya Galette na mtumiaji mmoja mwenye haki juu ya ghala lile tu, si mengine. Tulipakua Galette, tukaifungua mahali pake, na kuiambia Apache ionyeshe paka folda ya "webroot", ili mafaili ya ndani, pamoja na lile lenye neno la siri, yasionekane na mtu. Kisha ukafunguka ukurasa wa kuanzisha. Unapima kila kitu: kilicho sawa ni kijani, kilichokosekana ni chekundu. Kwetu vilikosekana viungo viwili vya PHP. Tuliviongeza, tukarudia, vyote vikawa kijani. Tukaandika jina la ghala, tukachagua neno la siri la msimamizi mkuu, ambalo leo liko mu bahasha iliyofungwa kwa lakiri kwenye sanduku la komite. Mwisho tuliondoa folda ya kuanzishia, ili asipatikane mtu wa kuanzisha upya juu ya kazi yetu.

Majina yalitupa kazi kuliko mashini. Programu ilikuwa na nafasi ya jina na jina la ubatizo, haikuwa na nafasi ya jina la pili. Galette inaruhusu kuongeza nafasi zako mwenyewe, tukaiongeza. Tukaongeza pia "anaitwa nani nyumbani", juu kwa Ilunga saba njo jina hilo linalowatenganisha. Ngoy, Ngoie na Ngoi, tuliandika namna mwenyewe anavyotaka, si namna karani anavyosikia.

Makosa mawili nayasema wazi. La kwanza ni saa. Betri ndogo ndani ya ile kompyuta ilikuwa imekufa. Jioni tulipozima, saa ililala nayo. Asubuhi iliendelea pale ilipoachia. Bila intaneti hakuna wa kuisahihisha. Kisha wiki mbili seva ilikuwa nyuma zaidi ya wiki moja, na watu waliolipa mwanzo wa mwezi waliandikwa wamelipa mwezi uliopita. Mama mmoja wa soko alionekana hajalipa, na risiti iko mkononi mwake. Aliniambia: "Mashini yenu inasema bongo, karatasi yangu inasema kweli." Alikuwa na haki. Tulinunua betri ya kidonge sokoni, tukasahihisha malipo moja moja kwa kulinganisha na risiti, na sasa mwenye kufungua buro anatazama kwanza tarehe ya seva na kalenda ya ukutani. Risiti ya karatasi hatutaiacha.

La pili ni nakala ya akiba. Kila siku saa tisa mchana, mbele ya kufunga, seva inaandika nakala ya ghala. Tulijisifu. Siku tulipojaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine, ilikataa kufunguka: tulinakili ghala, tukasahau faili la mipangilio ambalo programu inatafuta ili ifungue ghala. Afadhali tulijaribu siku ya amani. Sasa tunanakili vyote viwili, kwenye flashi mbili zenye kufungwa kwa neno la siri. Moja inakaa buro, nyingine kwa mzee wa chama mbali na buro, na kila Ijumaa zinabadilishana.

Kitu tulichokataa kuandika

Hapa njo kiini cha ulizo la mama. Kwenye komite kulikuwa mjadala mkali. Karatasi moja ya mradi, sitaitaja ya nani, ilitaka tuandike kabila la kila mwanachama, "juu ya takwimu". Mmoja wetu akasema: tuandike, ni haki yao kujua tunasaidia nani. Mwingine, aliyepanda treni ile ya 1993 akiwa na miaka saba, hakusema mengi. Aliuliza tu: "Siku ingine kukiwa fujo, nani atabeba ile orodha?"

Kukawa kimya. Tukapiga kura. Kabila halimo, na mkoa wa asili haumo. Chama cha siasa hakimo. Ugonjwa haumo. Kuna jina, namna ya kupata mtu, mwaka wa kuzaliwa, mtaa, mtu wa kuitwa wakati wa shida, na michango. Sheria nayo iko upande wetu: sheria ya dijitali ya inchi yetu, ile ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na sheria ya vyama visivyotafuta faida, ya tarehe 20 Julai 2001, haimwombi mtu kabila lake ili awe mwanachama.

Kwa wafadhili wetu, ninasema kwa heshima: tutawapa hesabu, wanawake wangapi, wajane wangapi, matanga mangapi yalisaidiwa, pesa ngapi zilitoka. Mkitaka kuhakikisha, njooni buro, mweka hazina atafungua mbele yenu. Lakini orodha ya majina haitasafiri kwa barua-pepe. Na programu huru haina maana kwamba hakuna gharama: betri inachoka, flashi zinakufa, na kijana wa pili lazima afundishwe, juu mimi kazi yangu ni ya mkataba, siku moja nitapelekwa pengine. Mkitusaidia, tusaidieni pale.

Mama, jibu langu

Mama, uliuliza tofauti ni nini. Kwa leta, kwa kompani, kwa kambi, wewe uliandikwa na hukusoma. Hapa tumeanza hivi: kila mwanachama anaitwa buro na jirani yake mmoja. Anayejua kusoma anasoma mstari wake mwenyewe. Asiyejua, anasomewa kwa sauti, na jirani anasikia. Akisema si hivyo, inasahihishwa mbele yake. Viongozi wa mitaa wanaona watu wa mtaa wao tu. Mweka hazina anaona pesa. Na programu inaandika nani alibadilisha nini na siku gani. Ukitaka kutoka, jina lako litafutwa, hata mu nakala za akiba zamu yake ikifika.

Sitakudanganya kwamba mashini haiwezi kutumiwa vibaya. Inaweza. Kinachoizuia ni nyinyi kuendelea kuja, kuuliza na kupinga, sawa wale waliosikiliza lukasa. Siku mtakapoacha kuja, itabaki mbao na shanga.

Mjane wa mwenzetu alikuja mwezi uliopita. Tulimsomea mstari wa bwana wake, tulioujenga upya kwa risiti alizozitunza ndani ya Biblia, moja moja. Miezi yote ilikuwamo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama naye anaweza kuandikwa. Ameandikwa.

Wale ambao hawajapita bado, buro inafunguliwa Jumanne na Ijumaa, asubuhi. Leteni kadi na risiti za zamani, hata zile zilizochanika.